Jerikeni linaloongea, maneno 24,000 na michoro 12

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Busia, upande wa Uganda. Nimeandika kwa Kiswahili hadithi ya vichekesho na maajabu ya watoto wa miaka 9 hadi 12. Msichana Nekesa na jerikeni lake la njano linaloongea wanasafiri hadi Milima ya Mwezi kumdai zimwi maji ya kijiji. Hadithi ina maneno 24,000 na mchoraji anasema michoro 12 inatosha. Nilipowasomea watoto walicheka sura tatu za kwanza, kisha wakaanza kuangalia dirishani. Mwalimu mkuu naye anahofia ni kitabu cha uchawi. Mchapaji wa Kampala ananiuliza kurasa ngapi, sijui nimjibu nini. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, anzia kwa mchapaji. Swali lake linaonekana la hesabu tu, lakini jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini watoto walichoka.

Ukurasa wa A5 una milimita 148 kwa 210. Weka herufi za pointi 12, nafasi ya pointi 16 kutoka mstari hadi mstari na pambizo za kawaida, utapata mistari kama 29. Mazungumzo hukatiza mistari mingi njiani, kwa hiyo ukurasa uliojaa unabeba takriban maneno 175. Kiswahili kina maneno marefu. "Hawakumwambia" peke yake linakula zaidi ya robo ya mstari. Sasa gawa 24,000 kwa 175: kurasa 137 za maandishi matupu. Ukichomeka humo michoro 12, mtoto anasoma kurasa kumi na moja kabla ya kuona picha. Hiyo ni riwaya. Mtoto wa darasa la tano (P5) ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu ataiweka chini hata ikiwa tamu.

Kitabu unachokitaka kinafanya kazi kwa namna nyingine. Mchoro unasimulia kile ambacho maandishi yamekinyamazia, na kicheko kinatoka kwenye pengo lililopo kati ya hivyo viwili. Mchoro unaorudia yaliyoandikwa ni pambo, na pambo unaweza kuweka 12 au 200, hakuna kitakachobadilika. Mchoraji wako hakukosea hesabu. Hadithi jinsi ilivyo sasa haina nafasi ya mchoro kufanya kazi, ndiyo maana ameona 12 zinatosha.

Mjibu mchapaji: kurasa 128. Karatasi ya A2 ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa inatoa kurasa 16 za A5, na 16 mara 8 ni 128. Ukipeleka kurasa 130 utalipia 144, na nyingine zitabaki tupu mwishoni. Toa kurasa 6 za mwanzo (jina la kitabu, ukurasa wa hakimiliki, yaliyomo), zinabaki 122. Michoro ichukue asilimia 45 ya nafasi hiyo, nawe unabaki na kurasa kama 67 za maandishi, yaani maneno 11,700 hivi. Sema 12,000.

Ndiyo, nusu ya ulichoandika.

Kama safari ina mahali ambapo pangeweza kufungwa, labda wanapovuka Mto Nile pale Jinja, unaweza kupata vitabu viwili. Lakini cha kwanza lazima kiwe na mwisho wake chenyewe: tatizo moja limetatuliwa, jingine limefunguliwa. Kitabu kinachokatika katikati ya daraja humkasirisha mzazi aliyekilipia. Mimi ningejaribu kwanza kukata, na ningeanza na maelezo ya sura, mavazi na mahali. Tuseme sura ya zimwi inaanza hivi:

"Nekesa alisukuma mlango taratibu. Ndani aliona zimwi mkubwa sana, mwenye manyoya ya kijani, macho matatu na meno marefu kama mihogo. Lakini cha kushangaza, zimwi huyo alikuwa amevaa aproni ya maua na alikuwa akiosha vyombo huku akiimba."

Maneno 36, na mshangao umeshatangazwa kabla haujafika: ukisema "cha kushangaza", hakuna atakayeshangaa. Sasa ligawe tukio kati yako na mchoraji. Chini ya ukurasa wa kulia maandishi yanasema hivi tu:

"Nyuma ya mlango alikuwapo Zimwi Mla-Majeshi.
'Usimtazame machoni,' Jerikeni alinong'ona. 'Yote matatu.'"

Mtoto anafungua ukurasa. Mchoro umejaza kurasa mbili zinazotazamana: zimwi ana aproni ya maua, povu hadi kwenye viwiko, sahani mkononi, na uso wa mtu aliyeingiliwa chumbani. Kiputo kimoja: "Hodi hamjui?"

Maneno 14. Manyoya, meno na aproni vimekwenda kwa mchoraji, nawe umebaki na kile ambacho kalamu yake haiwezi, yaani sauti za wahusika na wakati wa kunyamaza.

Angalia pia mahali pa mshangao. Kurasa za namba witiri huwa kulia, za shufwa kushoto. Kitu cha kushtua kikae ukurasa wa kushoto, baada ya kufungua, na matayarisho yake yakae chini ya ukurasa wa kulia uliotangulia. Ukikiweka kulia, kikitazamana na maandishi ya kukitayarisha, jicho litaona picha kabla ya kusoma neno lolote, na kichekesho kimekufa. Hilo ndilo kosa linaloharibu vitabu vingi vya aina hii, na halionekani kwenye kompyuta ukisoma ukurasa mmoja mmoja.

Kwa sababu hiyo tengeneza kitabu cha mfano kabla mchoraji hajagusa wino. Chukua karatasi 32 za A4, zigawe mafungu manane ya karatasi nne nne, kunja kila fungu katikati: kila fungu lina kurasa 16, sawasawa na atakavyofanya mchapaji. Andika namba za kurasa. Chapa hadithi kwa ukubwa halisi, ikate vipande, ibandike. Penye mchoro chora watu wa vijiti, haidhuru. Sura 14 za kurasa nane nane zinakupa 112, na zinazobaki ni za utangulizi, ramani ya safari na mwisho. Kila sura basi ina maneno kama 850. Ukiona kurasa nne mfululizo zina maandishi tu, hapo ndipo mtoto ataondoka.

Sasa tuje kwenye kicheko kilichokwisha sura ya nne. Sura tatu za kwanza watoto walicheka kwa sababu jerikeni linaongea. Kufikia sura ya nne, jerikeni linaloongea si habari tena, wameshazoea. Ajabu peke yake haina umri mrefu. Inayodumu ni ajabu yenye sharti na gharama, na gharama hiyo lazima iguse kile anachokitafuta mhusika.

Jaribu sharti moja tu: kila uongo unaosemwa karibu na Jerikeni, yeye anavuja. Sasa kila mazungumzo yana hatari. Nekesa akimdanganya askari wa barabarani, maji yanapungua. Mwenye duka akisifu bidhaa zake, kunachuruzika. Mwanasiasa akipanda jukwaani wakati wanapita, wanatimua mbio. Kichekesho na hatari vimekuwa kitu kimoja, na hadithi haihitaji tena kusimama ili ichekeshe.

Usiongeze sharti la pili mpaka la kwanza limetumika angalau mara tatu. Na usilivunje kamwe: ikitokea uongo sura ya tisa na Jerikeni asivuje, msomaji wa miaka kumi atagundua kabla ya mhariri. Hata mambo madogo ya kawaida watayapima. Jerikeni la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji. Watoto wako huchota maji kila siku na wanajua Nekesa hawezi kulibeba mpaka Fort Portal. Mpe la lita 10, au asafiri nalo likiwa tupu na tatizo la uzito lije wakati wa kurudi. Kadiri maajabu yanavyozidi, ndivyo mambo ya kawaida yanavyopaswa kuwa sahihi.

Kisha tafuta kichekesho kinachorudi. Jerikeni wetu hapa Uganda mara nyingi hana kifuniko, ana ndizi mbichi. Hapo una hazina. Sura ya pili Nekesa anamziba mdomo kwa ndizi ili anyamaze ndani ya taksi. Sura ya sita anasahau kuitoa, na Jerikeni anajaribu kumwonya kuhusu jambo kubwa: "Mmmf! Mmmf!" Sura ya kumi na moja wana njaa, mtu anaimenya na kuila, na hakuna cha kumzibia hapohapo zimwi anapopita gizani. Mara ya kwanza kichekesho kinajulisha, mara ya pili kinageuka, mara ya tatu kinaamua hadithi. Ukikirudia bila kukigeuza, mara ya pili tu kimechosha.

Kuna kichekesho kingine ambacho Kiswahili kinakupa bure: ngeli. Mwandishi aseme "Jerikeni ana hasira, Jerikeni amechoka", maana ni kiumbe hai. Wasioamini waseme "jerikeni lako linavuja", naye achukie. Kondakta: "Hilo liweke chini ya kiti." Jerikeni: "*Huyu*. Mweke." Ukikishika kichekesho hicho kwa uaminifu kitabu kizima, basi siku zimwi atakaposema "Jerikeni amechoka, mpeni kiti", msomaji atajua zimwi amegeuka upande wao, na hukuandika neno lolote la kueleza. Ila ni lazima upitie maandishi yote mstari kwa mstari. Ukichanganya *li-* na *a-* kwa kupitiwa, itaonekana mwalimu hajui sarufi.

Sauti nazo zisitoke kwenye katuni za Wazungu. Tunazo zetu: kitu kikianguka majini ni *chubwi!*, mtu akilowa ni *chepechepe*, akilala ni *fofofo*, giza ni *totoro*, gunia likijaa ni *pomoni*. Mchoraji aziandike kwa mkono ndani ya picha, kubwa, zikiwa na tabia ya sauti yenyewe: *totoro* inaweza kuwa herufi nyeupe kwenye ukurasa mweusi mzima wenye macho matatu tu. Ukurasa huo humgharimu mchoraji dakika chache.

Yapo ya kutochekea. Mzaha wa *l* na *r*, tunaoupenda sana dhidi ya Waganda, ukisomwa darasani unamwangukia mtoto fulani aliyeketi mstari wa tatu. Vivyo hivyo kigugumizi, na mwili wa mtu. Na Kiswahili kwetu kina historia yake: wako wazee, hasa Buganda, wanaokihusisha na kambi za jeshi na wezi wa usiku. Ukifanya askari na majambazi wa hadithi wazungumze Kiswahili kibovu ili kuchekesha, unaipalilia hofu hiyohiyo ambayo kitabu chako kingeweza kuing'oa. Zimwi azungumze Kiswahili safi kabisa, cha heshima nyingi. Ni cha kuchekesha zaidi.

Kuhusu kiwango cha lugha, wasomaji wako si wamoja. Mtoto wa Busia anakisikia sokoni tangu asubuhi. Wa Koboko na Arua huenda anakipata nyumbani au kwa majirani. Wa kambi za wakimbizi za Nakivale au Kyangwali aliyetoka Kongo anakizungumza kuliko Kiingereza, ila kwa lafudhi na maneno ya kwao. Wa Kampala anakikuta shuleni: mtaala wa sekondari ya chini wa 2020 umekifanya cha lazima S1 na S2, na ingawa Baraza la Mawaziri liliagiza mwaka 2022 kifundishwe hata msingi, si shule zote zina mwalimu. Kwa hiyo sentensi za usimulizi ziwe za maneno 12 au pungufu, wakati ni *-li-*, *-na-* na *-ka-*, na neno gumu likae karibu na picha inayolionyesha. Faharasa ya mwisho haisomwi na mtoto. Maneno ya chakula na barabara yaache kama yalivyo: boda, posho, matoke, rolex (chapati ya mayai), kikomando (chapati na maharage). Zimwi anayetishia kula kijiji kizima halafu anaomba kikomando, maharage mengi, hahitaji maelezo kwa mtoto wa hapa.

Mwalimu mkuu wako usimpuuze. Uganda ina sheria ya 2021 ya kuzuia kafara za binadamu, na ilitungwa kwa sababu kulikuwa na watoto waliouawa. Mzazi anayeona jalada lenye hirizi na kibuyu hatacheka. Lakini maajabu hayahitaji uganga. Ondoa kabisa mganga, damu, sehemu za mwili, nywele za mtu, manuizo, na mtoto kupelekwa mahali pa siri na mtu mzima. Nguvu ya Jerikeni itoke kwenye mvua, radi, au maji ya chemchemi fulani. Iwe ya wazi, isiyonunuliwa, isiyoombwa kwa mtu. Usiandike "uchawi" popote, hata kwa utani. Kisha mpe mwalimu mkuu kitabu cha mfano kizima, si muhtasari. Muhtasari wa hadithi ya mazimwi husikika vibaya siku zote.

Safari yenyewe ina mambo ya kweli yanayozidi ya kubuni. Karibu na Fort Portal kuna mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru, ambako maji meupe kama maziwa hudondoka kutoka kwenye mawe. Masimulizi yanasema ni matiti ya Nyinamwiru, mama wa Ndahura, mfalme wa masimulizi ya kale. Juu zaidi, Rwenzori, ndiyo Milima ya Mwezi yenyewe, ina mimea ya lobelia mirefu kuliko mtu, matope yanayomeza buti, na barafu inayozidi kupungua juu ya kilele cha Margherita, mita 5,109, karibu kabisa na ikweta. Zimwi aliyeiba maji na kuyagandisha huko juu, sasa yanamyeyukia mikononi: hilo lina mantiki, na linampa sababu ya kuwa na hofu kuliko Nekesa. Tahadhari moja. Bakonzo, wenyeji wa milima hiyo, wana Kitasamba, roho mwenye mlima. Zimwi wako asiwe yeye, wala asikae kwenye kiti chake. Mtafutie zimwi asili nyingine, na mpe Mkonzo mmoja asome sura hizo kabla hazijachorwa.

Mchoraji sasa. Kwa kurasa 128 utahitaji takriban picha 90: 14 kubwa za ukurasa mzima au kurasa mbili, moja kwa kila sura, 30 za nusu ukurasa, zinazobaki ni vidogo vya pembeni, kama Jerikeni anayevuja, ndizi, alama za nyayo. Zisikutishe. Vidogo 15 hivi vinaweza kuwa picha ileile ikibadilika kidogo: Jerikeni amesimama, tone moja, Jerikeni amesimama, matone matatu, Jerikeni ndani ya dimbwi. Kurudia kwa makusudi kunachekesha na kunapunguza kazi. Yote yawe nyeusi na nyeupe, rangi jaladani tu. Rangi nne ndani ya kitabu zinahitaji pleti, yaani mabamba ya kuchapia, nne kwa kila upande wa karatasi badala ya moja, na bei inapanda hivyo. Ukitamani njano ya Jerikeni iwepo ndani, omba bei ya wino wa pili mmoja tu. Wakati mwingine inawezekana, na kitabu kizima chenye njano moja kinapendeza kuliko rangi nyingi zilizochapwa vibaya.

Kabla ya picha ya kwanza, dai kwa mchoraji karatasi ya wahusika: kila mmoja mbele, ubavuni, nyuma, nyuso tano (furaha, hasira, hofu, uongo, usingizi), na wote wamesimama pamoja kuonyesha urefu. Bila hiyo, mkono wa Jerikeni utakuwa kushoto sura ya pili na kulia sura ya tano, na watoto watakuandikia. Kisha mwambie awajaze wahusika wote wino mweusi. Kama huwezi kumtofautisha Nekesa na rafiki yake kwa kivuli tu, mmoja apewe nywele, kofia au mfuko tofauti. Jerikeni ana bahati: umbo lake linajulikana hata gizani.

Achore kwa ukubwa wa mara moja na nusu ya utakaochapwa. Ikipunguzwa, mistari inakaza na makosa yanajificha. Lakini mstari mwembamba sana hupotea, kwa hiyo baada ya kupunguzwa usiwe chini ya nusu pointi. Iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi ikiwa ni mistari mitupu, 300 ikiwa ina vivuli. Picha iliyopigwa kwa simu huja na ukijivu pembeni na pembe zilizopinda. Ukijivu huo kwenye skrini huuoni, kwenye karatasi unakuwa uchafu.

Viputo vichorwe mwisho, baada ya maneno kupangwa. Mchoraji akitangulia kuchora viputo ataviacha vidogo, halafu "tutawanyang'anya" halitaingia. Maneno 10 kwa kiputo yatosha, anayesema kwanza awe kushoto. Na maandishi ya viputo yasiunganishwe na mchoro, yakae kwenye tabaka lake, ili siku ukitaka toleo la Lusamia au Luganda usimlipe mtu kuchora upya. Sauti zilizoandikwa kwa mkono, zile za *chubwi*, zihifadhiwe pia kwenye tabaka lao.

Malipo yagawe matatu: baada ya rasimu zote za penseli, baada ya nusu ya wino, na baada ya faili za mwisho. Mkataba useme picha ngapi, masahihisho mara ngapi bila malipo ya ziada, nani anamiliki michoro, na kama unaweza kuitumia kwenye tafsiri, mabango au kitabu cha pili. Ukurasa mmoja unatosha, mradi wote wawili wameweka saini. Kusajili hakimiliki kunafanywa URSB, ofisi ya usajili ya serikali.

Ukishapata rasimu za penseli, zibandike kwenye kitabu cha mfano na ujaribu tena kwa watoto, wasiopungua sita, wasioijua hadithi. Usisome wewe. Sauti ya mwandishi huokoa sehemu dhaifu bila mwenyewe kujua, kwa hiyo mpe mwalimu mwingine, nawe ukae nyuma na nakala yako. Weka alama pale walipocheka, pale waliponyamaza kwa hofu, na pale macho yalipoondoka. Zingatia zaidi pale walipocheka mahali usipotarajia. Mara nyingi ni mchoro mdogo wa pembeni, na huo ndio unaostahili kurudi. Wakati mtoto anauliza "kwa nini?", usimjibu, andika swali.

Kupanga kurasa kuna mitego michache ya Kiswahili. Zima ukataji wa maneno wa Kiingereza kwenye programu. Utakuletea "ndiz-i" na "jerik-eni". Kiswahili hukatwa baada ya irabu: *wa-na-fu-nzi*. Afadhali usikate kabisa na upange maandishi kuanzia kushoto, upande wa kulia ukiwa huru, kwa sababu ukinyoosha pande zote mbili maneno marefu yataacha mashimo. Alama ya *ng'* iwe ya umbo moja kitabu kizima, zitafute zote. Andika ni fonti ya bure iliyotengenezwa na shirika la lugha la SIL kwa wanaojifunza kusoma, herufi zake hazichanganyiki, ila ni pana kidogo, hivyo ukiitumia hesabu maneno 160 kwa ukurasa, si 175.

Pambizo ya ndani, upande wa gundi, iwe milimita 20. Picha inayofika ukingoni ivuke ukingo kwa milimita 3 ili kisu kisiache mstari mweupe. Kwenye picha za kurasa mbili, uso wa mtu au kiputo visiangukie katikati, gundi itavimeza.

Kwa mchapaji, iwe barabara ya Nasser au kwingineko, peleka maelezo yaleyale kwa watatu na uombe bei ya maandishi: A5, kurasa 128, ndani karatasi ya gramu 80 wino mweusi, jalada gramu 250 au 300 rangi nne lenye lamino (utando wa plastiki), idadi ya nakala. Karatasi ya gramu 60 itakushawishi kwa bei, lakini ule ukurasa mweusi wa *totoro* utaonekana upande wa pili. Chini ya nakala mia moja, dijitali ni nafuu. Ukifika mia tano, ofseti, ile ya pleti. Kitabu cha kurasa 128 hakifungiki vizuri kwa pini, kinataka gundi, na gundi tupu darasani hupasuka, kurasa zikaanza kutoka kuanzia katikati. Uliza bei ya kushona uzi kabla ya gundi. Uliza pia uelekeo wa nyuzi za karatasi: ziende sambamba na mgongo, la sivyo kitabu kinajikunja na hakikai wazi. Mgongo wenyewe utakuwa milimita 7 hivi, ila mchapaji apime kwa karatasi atakayotumia kabla jalada halijakamilishwa.

Namba ya ISBN inatolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda. Iombe mapema, kwa sababu inaingia kwenye ukurasa wa haki na nyuma ya jalada, na vyote viwili vinapaswa kuwa tayari kabla ya pleti. Ukilenga shule kukinunua kama kitabu cha ziada, uliza NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, masharti yao kabla hujachapa. Prufu ya mwisho (nakala ya kukagua kabla ya kuchapa) iwe ya karatasi, imekunjwa na kukatwa. Ifungue ukurasa kwa ukurasa ukiangalia jambo moja tu: kila mshangao uko kushoto? Ukurasa mmoja ukiongezwa mwanzoni bila wewe kujua, yote yamehamia kulia.